Hasara ya Kiwanda Ianze kwa Nani?

Hoja iliyo mezani: uchumi unapoyumba, kiwanda cha vipuri vya magari kipunguze wafanyakazi mapema ili kisife chote. Wanaoijadili ni wanne: Mwajiri, Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Mkulima, ambaye ni mama anayelima pamba katika kata ya Ipililo wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na Kijana wa kata hiyohiyo, aliyeajiriwa mwisho kiwandani.

MWAJIRI: Kiwanda cha vipuri huumwa kabla ya wengine. Mwenye lori akiona mizigo imepungua, analiegesha. Lori lililoegeshwa halili tairi, halivunji springi, halimalizi betri. Oda zinaanguka kiwandani wiki nyingi kabla ya magazeti kuandika kwamba uchumi umedorora. Hapo mwenye kiwanda anabaki na malighafi aliyonunua kwa dola, mkopo wa benki, bili ya umeme na mishahara. Benki haisubiri, dola haishuki kwa kuombwa. Kinachoweza kupungua haraka ni mishahara. Akichelewa miezi sita kwa huruma, atakuja kuwafukuza wote badala ya robo yao.

KATIBU: Mwajiri ametaja mizigo minne na wa kwanza aliouona wa kutua ni mtu. Hajataja gawio la wanahisa, hajataja magari ya wakubwa, hajataja zamu za usiku na malipo ya saa za ziada. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakikuanza na majina. Kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio mara tu anapofikiria kupunguza, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha wakae na chama wajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Kuchagua watu kunakuja baada ya kutafuta njia ya kutowachagua.

MWAJIRI: Sheria anayoisoma Katibu inakubali pia kwamba kupunguza wafanyakazi ni sababu halali. Haikusema kiwanda ni mali ya mfanyakazi mpaka astaafu. Na Tanzania tunao mfano wa kiwanda kilichosubiri. General Tyre ya Arusha ilianzishwa mwaka 1969 na kuanza kutoa tairi mwaka 1971. Serikali ilikuwa na asilimia 74, na mbia wa nje, ambaye baadaye alikuwa kampuni ya Continental ya Ujerumani, asilimia 26. Kwa miaka mingi tairi zake zilibeba nchi hii. Mashine zikazeeka, tairi za bei nafuu kutoka Asia zikajaa madukani, mtaji ukakauka. Kilichofuata ni kukopa ili maisha yaendelee kama zamani. Kufikia mwaka 2009 kiwanda kilikuwa kimesimama. Hakuna aliyebaki kwenye laini ya uzalishaji, mkongwe wala mgeni.

KATIBU: Amalizie habari ya mkopo huo. Ulikuwa dola milioni 10, ukatoka NSSF kwa dhamana ya serikali. NSSF ni nini? Ni mfuko wa makato ya mshahara wa mfanyakazi, pamoja na mchango wa mwajiri wake kwa niaba yake. Kwa hiyo wafanyakazi wa nchi hii walikikopesha kiwanda kile kwa akiba ya uzee wao, kiwanda kikafungwa na deni likabaki halijalipwa. Anayesema wafanyakazi hawakubeba sehemu yao ya hasara atazame hapo. Walibeba mara mbili: walioajiriwa pale walipoteza kazi, na wanachama wa mfuko, hata wale ambao hawajawahi kuiona Arusha, fedha yao ikafungiwa kwenye mashine zilizozimwa.

MWAJIRI: Hapo Katibu ananijengea hoja yangu. Zile dola milioni 10 ziliingia kwenye kiwanda ambacho hakikubadilika. Laiti kingepunguzwa mapema, kikafunga laini zilizopitwa na wakati, kikabaki na watu wachache wanaotengeneza kile soko lilichotaka, huenda akiba hiyo ingerudi. Kukataa kupunguza hakukuokoa ajira hata moja.

KATIBU: Kupunguza nako kumeokoa ngapi? Tuvuke mpaka wa Kenya pale Namanga. Sameer Africa ya Nairobi, iliyowahi kuitwa Firestone East Africa, ilitengeneza tairi za Yana. Ilipita miaka ya kubana matumizi, na mwaka 2016 ikafunga kiwanda, watu wapatao 600 wakapoteza kazi. Tairi zenye jina la Yana zikawa zinatengenezewa nje na kuletwa Kenya kuuzwa. Jina likabaki, kazi ikahama. Mwenye biashara aliponusurika, aliyekuwa akipika mpira alikuwa ameshaondoka getini.

MKULIMA: Naomba na mimi niingie, maana nasikia Arusha, nasikia Nairobi, na wote mnasahau kwamba watu hao wana kwao. Katibu, kuna mahali sheria hiyo inataja kijiji?

KATIBU: Kipo, mama. Kifungu cha 43. Mtu aliyeajiriwa mahali pengine na kuachishwa kazi mbali na hapo, mwajiri amsafirishe na mizigo yake mpaka mahali alipoajiriwa, au ampe nauli, pamoja na posho ya kujikimu ya siku anazosubiri usafiri.

MKULIMA: Basi sheria yenyewe inajua anakokwenda. Kiwanda kikimaliza hesabu zake Dar es Salaam au Arusha, basi linashusha mtu Maswa na magodoro yake. Hasara haijaisha, imehama. Akishuka Februari, pamba ilishapandwa tangu Novemba na Desemba, na shamba la familia lina wenyewe. Atakula michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa na wengine mpaka msimu unaofuata. Ile fedha aliyokuwa akituma, iliyonunua dawa ya wadudu na kumlipia mdogo wake sare za shule, imekatika siku ileile tumbo jingine lilipoongezeka nyumbani. Mwajiri anasema kapunguza gharama. Kwa nani? Ipililo imeongezewa, na hakuna aliyetuita kwenye kikao.

MWAJIRI: Mama, nakuheshimu sana, na sikatai hata neno moja. Lakini kiwanda hakiwezi kufanya kazi ya serikali. Kinalipa kodi, kinachangia NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 anapata theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Hilo ndilo jibu la taifa.

KATIBU: Theluthi moja mara sita ni mishahara miwili. Tuseme ukweli kwa mama: jibu la taifa ni mishahara miwili.

MWAJIRI: Na kiinua mgongo.

KATIBU: Tuhesabu hicho nacho. Kiwango cha chini cha sheria yetu ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inagota kwenye miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 25 anapata siku zilezile 70, kama mkataba wa hali bora haukumpa zaidi. Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na haikuweka ukomo huo. Mtu wa miaka 25 huko anaondoka na siku 375. Sasa mwajiri wa Tanzania anapoambiwa kupunguza watu ni njia ya mwisho, na njia hiyo ya mwisho ni rahisi kiasi hiki, kwa nini ahangaike na njia ya kwanza?

MWAJIRI: Kwa sababu kumfundisha fundi wa mashine ya kutengenezea tairi kunachukua muda, na oda zikirudi atakuwa ameshaajiriwa kwa jirani au amefungua gereji yake. Hakuna mwajiri mwenye akili anayemtupa fundi kwa furaha. Na nikumbushe: kiinua mgongo kikiwa kikubwa mno, kiwanda kilichoishiwa fedha hakitaweza kupunguza hata kidogo, kitangojea kufilisika. Kikifilisika, wadai wanapanga foleni, na Katibu anajua foleni hiyo inavyokuwa ndefu. Ile Sameer anayoisema ilikuwa Kenya, kwenye siku 15 bila ukomo. Je, siku hizo zilikiokoa kiwanda?

KATIBU: Hazikukiokoa. Ziliwaokoa watu na aibu ya kurudi mikono mitupu. Sheria ya kiinua mgongo haikutungwa kwa ajili ya mashine.

KIJANA: Wakubwa zangu, shikamooni. Katika mabishano yote haya mmetaja wa miaka 10 na wa miaka 25. Mimi wa miezi 11 hamjanitaja. Kiinua mgongo kinaanza baada ya miezi 12 mfululizo. Na mkianza kuchagua watakaoondoka, kipimo kinachotajwa kwanza kila mara ni aliyeingia mwisho atoke kwanza. Chama kinakipenda kipimo hicho. Katibu, hapo unamtetea nani?

KATIBU: Mdogo wangu, kipimo hicho tunakitetea kwa sababu hakina upendeleo. Tukikiacha, msimamizi ataandika majina ya wanaomuudhi, na wa kwanza kwenye orodha atakuwa mwakilishi wa tawi. Tarehe ya ajira haina chuki na mtu.

KIJANA: Haina chuki, lakini ina macho. Inamwona kijana kila wakati. Waliojaa kwenye mikataba mipya ni sisi tuliotoka kidato cha nne na vyuo vya ufundi vya VETA, tumekuja na elimu ya mashine za kompyuta, na tunaondoka na barua ya utumishi isiyofika hata mwaka. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 hazikusema tarehe ndiyo kila kitu. Zinaruhusu kuangalia ujuzi maalumu, uzoefu na sifa. Mbona kwenye vikao hayo hayasikiki?

MWAJIRI: Mimi huyasema, na chama hunijibu kwamba naficha upendeleo nyuma ya neno ujuzi. Leo nashukuru kijana ameyasema mwenyewe.

KIJANA: Usinishukuru bado, mzee. Swali langu la pili ni lako. Siku ulipotangaza nafasi nilizoombea, ulikuwa umeona oda zinapungua au hukuona?

MWAJIRI: Oda za vipuri hazitabiriki kama mvua za masika.

KIJANA: Mwanzoni ulisema huziona zikianguka wiki nyingi kabla ya magazeti.

MWAJIRI: Nilisema, na ndivyo ilivyo. Lakini kuanguka kwa wiki sita kunaweza kuwa upepo tu. Ningesimamisha ajira kila upepo unapovuma, wewe usingepata hata hiyo miezi 11.

KATIBU: Basi tufike kwenye kiini: huu ni upepo au ni ugonjwa wa kudumu? Ujerumani wana njia wanayoitumia kwenye upepo. Wanaiita Kurzarbeit. Kiwanda kinapunguza saa badala ya watu, na mfuko wa bima ya ajira unamlipa mfanyakazi asilimia 60 ya kipato kilichokatika, 67 kama ana mtoto. Mwaka 2009 uchumi wao uliporomoka kwa zaidi ya asilimia 5, viwanda vya magari na vipuri vikiwa mbele kwenye kuumia, na zaidi ya watu milioni moja waliingizwa kwenye utaratibu huo. Ukosefu wa ajira haukupanda sana. Oda ziliporudi, mafundi walikuwa palepale.

MWAJIRI: Walikuwa na mfuko uliojaa, uliochangiwa na waajiri na wafanyakazi kwa miongo mingi. Sisi tuna theluthi kwa miezi sita, na inalipwa kwa aliyekwisha kupoteza kazi. Aliyepunguziwa saa hapati kitu. Halafu twende mbele kidogo. Mwaka 2024 kampuni ya ZF, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa vipuri duniani, ilitangaza kwamba itapunguza hadi kazi 14,000 huko huko Ujerumani kufikia mwisho wa 2028. Magari yanahamia kwenye umeme, na gari la umeme halihitaji giaboksi ileile. Saa fupi hazitibu jambo hilo. Unaweza kumlipa mtu nusu siku kwa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka kifaa anachotengeneza kikawa hakina mnunuzi.

KATIBU: Nakubali kwamba yapo magonjwa ya namna mbili. Sikubali kwamba daktari awe mmoja na awe mwenye kiwanda peke yake. Aonyeshe vitabu. Tuone mauzo ya miezi 24, tuone stoo, tuone mkataba wa mkopo. Mfanyakazi anayeonyeshwa kwamba maji yamefika shingoni atakubali mambo ambayo mwajiri haamini: likizo ya lazima, zamu moja badala ya tatu, hata mshahara kusimama kwa muda. Asiyeonyeshwa atadhani anadanganywa, na mara nyingi atakuwa sahihi.

MWAJIRI: Mauzo naweza kuonyesha. Bei ninayonunulia mpira, na bei ninayompa mteja mkubwa, siwezi. Zikitoka kwenye kikao asubuhi, jioni mshindani anazo. Sheria yenyewe hailazimishi kutoa siri inayoweza kumletea mwajiri madhara makubwa.

KATIBU: Na siri hiyo ndiyo huota miguu kila tunapokaa. Kila karatasi inayouma inakuwa siri.

MKULIMA: Mnabishana juu ya vitabu, ngoja niwaambie habari ya watu wasio na kitabu. Mwaka 2019 tuliambiwa bei ya pamba ni shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasuasua, wakulima wakasubiri malipo yao miezi. Mwaka 2020 ikawa 810. Hakuna aliyetupa notisi ya siku 28. Hakuna aliyetukalisha kujadili njia za kupunguza madhara. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na mkulima wake hana kifungu cha 38. Kwa hiyo mfanyakazi anapolia siku 70, namwonea huruma, lakini ajue kuna mwenzake ambaye hana hata siku moja.

KATIBU: Mama, hiyo ni sababu ya kumpa mkulima kinga. Kumnyang'anya mfanyakazi yake hakutakupandishia bei ya kilo.

MKULIMA: Sijasema anyang'anywe. Nasema mnapotaka serikali iingilie, mkumbuke historia. Mwaka 2009, dunia ilipoanguka, serikali ilitoka na mpango wa kunusuru uchumi wa kama shilingi trilioni 1.7. Waliofidiwa hasara humo walikuwa pamoja na wanunuzi wa pamba na kahawa. Aliyekuwa na vitabu alifidiwa. Aliyekuwa na jembe alingojea msimu mwingine. Na General Tyre mliyoililia, mwaka huohuo ilikuwa kimya.

MWAJIRI: Mama amegusa jambo. Msaada huenda kwa mwenye mahesabu yanayokaguliwa. Ndiyo maana kiwanda kilicho hai, hata kikiwa kidogo, ni bora kuliko kiwanda kikubwa kilichokufa. Kilicho hai kinaweza kukopeshwa, kinaweza kusaidiwa.

KATIBU: Kisaidiwe kwa masharti. Marekani, Machi 2009, serikali ilitenga hadi dola bilioni 5 kuwalinda watengenezaji wa vipuri walioviuzia viwanda vikubwa vya magari. Sisi tuanze na dogo: serikali izuie tairi na vipuri vya nje vinavyouzwa chini ya gharama, na kiwanda kitakachopata kinga hiyo kisipunguze mtu kwa muda wa kinga.

MKULIMA: Hapo tunaachana, Katibu. Tairi ya bodaboda inayopeleka mafurushi madogo ya pamba kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika, inatoka nje, na naimudu kwa sababu inatoka nje. Ukiipandisha bei ili kumlinda mtu wa kiwandani, anayelipa ni mimi. Tena mtu huyo huyo akipunguzwa baada ya kinga kwisha, ananirudia nyumbani. Nitakuwa nimemlipia mara mbili.

KIJANA: Lakini mama, nikibaki kiwandani ndiyo fedha ya kununulia tairi hiyo inapatikana.

MKULIMA: Ukibaki, mwanangu. Katika wote waliosema hapa, hakuna aliyesema wewe utabaki.

KATIBU: Nitasema mimi. Kijana anaweza kubaki iwapo kikao kitafanyika kabla ya uamuzi. Nimuulize Mwajiri swali ambalo halihitaji siri ya biashara. Mwajiri anapoingia kwenye kikao cha mashauriano, orodha ya majina inakuwa tayari au haiko?

MWAJIRI: Nitajibu kwa uwazi. Mara nyingi iko. Huwezi kukokotoa notisi, likizo zilizolimbikizwa, kiinua mgongo na nauli bila kujua ni akina nani. Benki inataka tarakimu, bodi inataka tarakimu. Orodha ni rasimu ya hesabu.

KATIBU: Basi mashauriano yanahusu nini?

MWAJIRI: Yanahusu kama orodha ni ya watu 40 au 60. Nimewahi kuona chama kikija na pendekezo la zamu na majina 20 yakafutwa. Nimeona pia chama kikigoma kuzungumza mpaka siku 30 za usuluhishi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zikaisha, na majina yote 60 yakaondoka.

KIJANA: Na kwenye yale 20 yaliyofutwa, yalikuwa ya waliotangulia au ya waliokuja mwisho?

KATIBU: Ya waliotangulia.

MKULIMA: Kabla hamjaenda kwenye kikao kingine, semeni mtakifanya mwezi gani. Kikiwa Septemba, niambieni mapema, tumwachie kijana ekari mbili na jozi ya ng'ombe wa kulimia. Kikiwa Februari, mwajiri aeleze kwa maandishi nani atamlisha mpaka Novemba.

MWAJIRI: Mwezi huo, mama, unapangwa na oda.

KATIBU: Unapangwa na notisi. Na notisi iko mikononi mwako.